Mashine ya Kutotolesha Isiyounguza Mayai Usiku: Mwongozo Kamili wa Kugundua Hitilafu na Kuzihimili

Baridi ya Juni ikianza, ujumbe ninaopokea kutoka Uyole, Mafinga, Makambako na Njombe, huku Nyanda za Juu Kusini, huwa ni uleule: "Kaka, nimeamka nimekuta kidhibiti kinasoma 23, balbu zinawaka, mlango unachoma mkono, mayai yote yameiva." Wengine wana malalamiko ya kinyume. Kioo kilisoma 37.5 siku zote 21, lakini vifaranga waliotoka ni wa kuhesabu, na trei ya chini haikutoa hata mmoja.

Wengi wao hukimbilia kununua kidhibiti kingine cha aina ileile, na mwezi unaofuata hasara inarudi palepale. Kidhibiti kipya hakitibu ugonjwa huu. Mashine nzima imewekwa mikononi mwa sensa moja (ncha ya waya inayopima joto), rilei moja (swichi ndogo ndani ya kidhibiti inayowasha balbu) na feni moja, na kimojawapo kikidanganya hakuna kingine cha kukikanusha.

Hapa tutajenga mpangilio ambao kifaa kimoja kikifa, kingine kinashika kazi, na wewe unaambiwa mapema. Unafaa mashine ya mayai 100 hadi 500, iwe ya mbao au ya friji bovu, yenye feni ndani. Mifano yote nimeiweka kwenye mashine ya mayai 200 yenye balbu mbili za wati 100.

## Vifaa unavyohitaji

- Vidhibiti joto vitatu vya dijitali, kila kimoja na sensa yake, vinavyoonyesha desimali moja. Nitaviita A, B na C.
- Kontakta moja ndogo (swichi inayovutwa na kushikwa na umeme wa koili yake) yenye koili ya 220V na mguso mmoja wa ziada ulioandikwa NC. Mguso huo hufunga pale kontakta inapoachia. Usiondoke dukani kabla hujauona.
- Balbu za uzi wati 100: mbili za joto kuu, moja ya akiba. Holda ziwe za kauri, kwa sababu za plastiki huyeyuka.
- Feni mbili za 12V na adapta mbili, kila feni na yake.
- King'ora cha 12V, betri ya 12V (hata ya bodaboda inatosha) na swichi ndogo.
- Taa ndogo nyekundu ya 220V ya kuashiria.
- Kipimajoto cha homa cha dijitali.
- Kipimajoto cha chumba chenye kengele ya joto la chini.
- Madumu yenye vifuniko, jumla lita 20 za maji.
- Malitimita (kipima volti), bisibisi, koleo, konekta, fyuzi ya ampea 3, vibanio vya plastiki vya kufungia waya, tepu.
- Daftari, kalamu na saa yenye sekunde.

Kazi ya 220V ifanywe na fundi umeme au mbele yake. Ndani ya mashine kuna maji na mvuke. Kama boksi ni la bati au ni friji, mwili wake lazima ufungwe ethi. Vidhibiti na kontakta vikate laini (waya wenye umeme), kamwe visikate nyutro peke yake, maana ukikata nyutro holda inabaki na umeme hata balbu ikiwa imezima.

## Kwanza amua mashine ianguke upande gani

Yai la kuku kwenye mashine yenye feni linataka nyuzi 37.5. Likikaa kwenye 40.5 kwa robo saa tu, kiinitete kinaumia vibaya. Likikaa kwenye 35 kwa saa tatu au nne, ukuaji unachelewa, lakini kiinitete kwa kawaida kinaendelea kuishi.

Kwa hiyo makosa mawili haya hayalingani. Joto likizidi una dakika, likipungua una saa. Kila uamuzi wa hapa chini umetokana na hilo: palipo na shaka, mashine ikate joto kwanza, kisha ikuite.

## Hatua ya 1: Linganisha sensa zote kabla ya kufunga chochote

Chukua bakuli la maji ya vuguvugu yenye takribani nyuzi 38. Funga ncha za sensa tatu pamoja na ncha ya kipimajoto cha homa kwa uzi, zitumbukize pamoja, koroga polepole huku maji yakipoa, ukizima na kuwasha upya kipimajoto cha homa kila unaposoma, maana vingi hubakiza namba ya juu kabisa. Kipimajoto cha homa kikisoma 37.5, andika kila kidhibiti kinasoma ngapi.

Vidhibiti vingi vina sehemu ya kurekebisha usomaji kwenye menyu. Kama A kinasoma 37.9, kirekebishe kwa kupunguza 0.4. Kama hakina menyu hiyo, bandika karatasi juu yake: "inazidisha 0.4".

Natumia kipimajoto cha homa kwa sababu kimetengenezwa kwa eneo hilihili la joto. Wapo wanaopima sensa kwa maji yanayochemka wakitarajia 100. Kwetu huku hayafiki 100. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye takribani nyuzi 94. Njombe huchemka chini kidogo ya hapo. Ukiirekebisha sensa yako kwa kudhani sufuria ina 100, umeiharibu kwa nyuzi sita kabla mashine haijawashwa.

Umefaulu ikiwa: sensa zote tatu zinatofautiana kwa 0.2 au pungufu ndani ya maji yaleyale.

## Hatua ya 2: Funga sensa mahali pamoja, zisichomoke

Weka ncha za A, B na C pamoja, usawa wa mayai, zisiguse yai wala ukuta, wala zisionwe moja kwa moja na mwanga wa balbu. Zibane kwa vibanio viwili: kimoja karibu na ncha, kingine pale waya unapotoka nje ya boksi.

Kibanio hicho cha pili ndicho kinachookoa mayai. Sensa inayochomoka na kuning'inia nje ya boksi haijaharibika hata kidogo kiumeme. Inasoma ukweli mtupu: chumba kina nyuzi 15. Kidhibiti kinatii, kinawasha balbu na hakizizimi. Hakuna kidhibiti kinachoweza kugundua kosa hili peke yake, kwa sababu namba anayoiona ni namba inayowezekana.

Kosa la pili la sensa ni kutu. Sensa nyingi za bei nafuu ni za aina ambayo ukinzani wake hupungua joto likipanda. Ile ya kiloomu 10 iliyozoeleka ina takribani omu 5,900 ikiwa kwenye 37.5, na badiliko la omu 240 hivi linatosha kuipotosha kwa nyuzi moja. Kiungo chenye kutu huongeza ukinzani, kidhibiti kikadhani ni baridi, kikazidisha moto. Unyevu ukipenya kwenye ncha hufanya kinyume: ukinzani unapungua, mashine inapoa huku kioo kikionyesha sawa. Basi usiache kiungo chochote cha waya wa sensa ndani ya boksi. Viungo vyote viwe nje, pakavu.

Kwa nini sensa tatu? Mbili zikipishana unajua tu kwamba kuna mwongo. Tatu zikiwa mahali pamoja, mbili zinazokubaliana zinamtaja. Mpishano wa 0.3 usikusumbue. Ukifika 0.5, rudia hatua ya 1 kwa sensa inayojitenga. Ukifika nyuzi 1, ibadilishe siku hiyohiyo.

## Hatua ya 3: Mpe A msaidizi

A ndicho kidhibiti cha kila siku. Kiwashe balbu kuu mbili: kizime kwenye 37.6, kiwashe kwenye 37.4.

B kina sensa yake, rilei yake na balbu yake ya akiba. Kiweke kizime kwenye 37.0 na kiwashe kwenye 36.7. A kikiwa salama, joto halishuki hadi 36.7, hivyo B kinalala. A kikifa kwa upande wa baridi (rilei haifungi, balbu zimeungua, waya umekatika), joto linashuka kidogo na B kinashika. Mayai yatakaa karibu na 36.8. Yatachelewa kidogo kutotolewa, lakini unayo muda wa kwenda mjini kununua kifaa.

Unganisha ile taa nyekundu sambamba na balbu ya akiba, na uivute mpaka mahali utakapoiona ukipita: sebuleni, jikoni, popote. Ikiwaka dakika chache baada ya kufungua mlango kugeuza mayai, ni kawaida. Ikikaa zaidi ya dakika 15 mlango ukiwa umefungwa, A kina tatizo.

Usiiache taa hiyo ukaipuuza kwa sababu "mashine bado ina joto". Ina joto kwa akiba, na nyuma ya akiba hakuna kitu.

## Hatua ya 4: C, mlinzi asiyewasha chochote

C hakina balbu. Kazi yake ni kuruhusu au kukataza joto la A na B kwa pamoja. Kiweke kikate kwenye 38.5 na kirudishe kwenye 37.8.

Waya ziende hivi: laini inapita kwenye fyuzi, kisha kwenye mguso mkuu wa kontakta, ndipo igawanyike kwenda kwenye rilei za A na B na balbu zao. Rilei ya C inalisha koili ya kontakta tu. Umeme wa kuwasha vidhibiti vyenyewe na adapta za feni uchukuliwe kabla ya kontakta, ili C kikikata joto, feni ziendelee kuzunguka na namba zionekane.

C kiwekwe kwenye hali ya kupasha, ili rilei yake iwe imefunga muda wote joto likiwa chini ya 38.5. Maana yake ni kwamba kontakta inashikiliwa na C kikiwa hai. C kikifa, waya wake ukikatika au umeme ukiondoka, kontakta inaachia na joto linakatika. Huo ndio upande tuliochagua mashine iangukie.

Unaweza kuuliza kwa nini tusitegemee A kujizima. Tazama rilei yake. Imeandikwa 10A, na balbu mbili za wati 100 zinakula chini ya ampea 1, kwa hiyo inaonekana inatosha mara kumi. Lakini uzi wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, na kila zinapowashwa hupitisha kwa kufumba na kufumbua mkondo wa mara kumi au zaidi ya ule wa kawaida. Mashine inayowasha na kuzima kila dakika mbili hufanya hivyo zaidi ya mara 700 kwa siku. Siku moja vidoto vya rilei vinaungana kama vimechomelewa. Kioo kinasoma 38, kinasoma 39, alama ya kuzima inaonekana, hata mlio wa "tik" unasikika, na balbu zinaendelea kuwaka. Kidhibiti kimetoa amri sahihi, ila mkono wake hauachii.

C kikiwepo, rilei ya A ikiganda, joto litapanda hadi 38.5, litakatwa, litashuka hadi 37.8, litarudi. Mayai yatabaki karibu na nyuzi 38 hadi utakapoamka.

Onyo: usimpe C sensa ya A "ili kuokoa pesa". Mlinzi anayetumia macho ya anayemlinda haoni kitu.

## Hatua ya 5: King'ora kinacholia kikiachwa

Chukua 12V ya betri, ipitishe kwenye swichi, kisha kwenye ule mguso wa NC wa kontakta, kisha kwenye king'ora. Basi.

Kontakta ikiwa imeshikwa, mguso uko wazi, kimya. Kontakta ikiachia kwa sababu yoyote ile, king'ora kinalia: joto limezidi, C kimekufa, au umeme umekatika. Mguso mmoja unabeba habari zote tatu, na unalia kwa betri, kwa hiyo giza halikinyamazishi.

Usichukue waya wa king'ora kwenye rilei ya C yenyewe. Pale kuna 220V, na kuchanganya na betri ni hatari. Mguso wa ziada wa kontakta umetengwa kwa kazi hiyo.

Swichi ya kunyamazisha ina balaa lake: watu huzima usiku na kusahau. Iweke ndani ya boksi la kontakta, si mlangoni, na uning'inize kipande cha kitambaa chekundu kwenye mpini wa mlango kila unapoizima. Betri ichajiwe kila wiki na upime volti zake. Ikishuka chini ya 12, ichaji siku hiyo.

Kuna tundu moja ambalo mpangilio huu hauzibi. A na B zikifa zote mbili, mashine inapoa polepole na kontakta inabaki imeshika, kwa hiyo king'ora kikubwa hakilii. Hapo ndipo kazi ya kile kipimajoto cha chumba chenye kengele. Kiweke kona ya chini, mbali na sensa nyingine, kengele yake iwe 36. Tutakitumia tena kwenye feni.

## Hatua ya 6: Hesabu mapigo ya balbu

Hatua hii haigharimu shilingi, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Nakuomba usiiruke.

Mashine yenye kidhibiti huficha magonjwa yake. Kazi ya kidhibiti ni kuhakikisha namba inabaki 37.5, na itabaki 37.5 hata vitu vikianza kufa ndani, maadamu kuna nguvu ya kufidia. Ukiangalia joto peke yake, utaona kila kitu ni shwari hadi saa ile nguvu ya kufidia inapoisha. Unachotakiwa kuangalia ni kiasi gani mashine inahangaika ili kubaki kwenye 37.5.

Fanya hivi. Mashine ikishatulia, mlango haujafunguliwa kwa saa nzima, shika saa. Hesabu sekunde balbu kuu zinapowaka, kisha sekunde zinapozima. Rudia mara tano, chukua wastani. Tuseme zinawaka sekunde 48 na kuzima sekunde 72. Jumla 120, sehemu ya kuwaka ni asilimia 40. Balbu mbili zina wati 200, kwa hiyo boksi lako linapoteza takribani wati 80 usiku huo.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, joto la chumba, asilimia. Fanya jioni na alfajiri. Baada ya wiki unaijua mashine yako.

Sasa balbu moja ikiungua. Hasara ya joto bado ni wati 80, lakini unayo wati 100 tu. Namba kwenye kioo inabaki 37.5, hakuna king'ora, hakuna taa nyekundu. Daftari ndilo linalopiga kelele: kutoka asilimia 40 hadi 80. Usipoliona, utakuja kuliona usiku wa baridi kali wa Julai, boksi litakapotaka wati 110 na balbu iliyobaki haina.

Namna ya kusoma mabadiliko:

- Imepanda ghafla hadi karibu mara mbili: balbu moja imekufa, au holda haishiki.
- Imepanda kidogokidogo kwa siku kadhaa, joto la chumba ni lilelile: mpira wa mlango umelegea, tundu la hewa limefunguliwa mno, au ukuta umeanza kupitisha baridi.
- Imepanda saa za jioni tu, kisha inashuka usiku wa manane: pima volti. Waya wa hita wa wati 100 kwenye 230V unabaki na takribani wati 61 volti zikishuka hadi 180.
- Imeshuka ghafla: chunguza feni na sensa. Hewa ya moto huenda inakaa sehemu moja na kuidanganya sensa.
- Inashuka taratibu kuanzia wiki ya pili na kuendelea: hiyo ni heri. Viinitete vinavyokua hutoa joto lao wenyewe. Isiposhuka kabisa kufikia siku ya 18, pima mayai kwa tochi. Huenda mengi yamekufa.

Daftari hili pia linakuambia kama akiba yako inatosha. B kina wati 100. Alfajiri ya baridi kuliko zote ukikuta hasara ni wati 110, B hakitaweza peke yake. Weka balbu kubwa zaidi, au punguza hasara. Huku kwetu maranda ya mbao hayana shida kupatikana, hasa upande wa Mafinga, na ukuta wa plaiwudi mbili wenye maranda katikati hupunguza hasara vizuri. Yasikaribie holda, maana yanashika moto.

Umefaulu ikiwa: asilimia yako ya alfajiri haizidi 50 katika msimu wa baridi.

## Hatua ya 7: Feni

Feni ikifa, hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inabaki chini, na sensa ya katikati inasoma 37.5 bila wasiwasi. Ndiyo siri ya trei za chini zisizotoa kitu.

Feni mbili, adapta mbili, kila moja itoshe kuzungusha hewa peke yake. Funga uzi mwekundu wa urefu wa kidole kwenye wavu wa kila feni, mahali unapouona kupitia kioo. Uzi ukilala, feni imesimama.

Kisha tumia kile kipimajoto cha kona ya chini. Siku ya kwanza andika kinapishana na A kwa kiasi gani feni zote zikizunguka, tuseme 0.3. Mpishano huo ukifika 1, nenda kwenye feni kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

## Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Madumu ya maji yenye vifuniko ndani ya mashine ni akiba ya joto. Lita moja ya maji hutoa takribani kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi inayoshuka. Lita 20 zikishuka kutoka 37.5 hadi 34.5 zinatoa kilojuli 252. Kwa boksi linalopoteza wati 80, hiyo ni kama dakika 50 za ziada, bila kuhesabu joto lililo kwenye mayai yenyewe. Chukua hasara yako kutoka kwenye daftari la hatua ya 6 ufanye hesabu yako.

Yajaze maji ya vuguvugu unapoyaweka mara ya kwanza, la sivyo mashine itahangaika nusu siku kuyapasha.

Umeme ukizidi kuchelewa, badilisha dumu moja kwa lingine la maji ya moto, ulifunike kwa kitambaa lisigusane na mayai. Fungia mashine blanketi, ila usizibe matundu yote, kwani mayai yanapumua. Usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana wa mkaa unaua vifaranga, na unaua watu wanaolala chumba cha pili.

## Hatua ya 9: Iharibu mwenyewe, bila mayai

Jaza trei madumu ya maji badala ya mayai, iache mashine itulie usiku mzima, kisha ianzishie hitilafu moja baada ya nyingine. Baada ya kila jaribio irudishe ilivyokuwa na usubiri itulie.

1. Chomoa waya wa sensa ya A. Vidhibiti vingine huonyesha alama ya kosa na kukata. Vingine huona baridi kali na kuwasha bila kikomo. Ni hapa utakapojua chako ni kipi. Kikikata, B kishike kwenye 36.7. Kikiwasha, C kikate kwenye 38.5.
2. Toa ncha ya sensa ya A nje ya boksi. Joto lipande, C kikate, king'ora kilie.
3. Igandishe rilei ya A. Zima umeme mkuu kabisa, unganisha miguso ya rilei kwa kipande cha waya mwekundu mrefu, washa. Joto licheze kati ya 37.8 na 38.5. Uwe mrefu na mwekundu ili usiusahau ndani.
4. Fungua balbu kuu moja. Joto libaki, asilimia ya mapigo ipande.
5. Fungua zote mbili. Taa nyekundu iwake na joto lisishuke chini ya 36.5.
6. Chomoa adapta ya feni moja, kisha zote. Kwa moja, kona ya chini isibadilike sana. Kwa zote, uone mpishano unavyokua, ndipo utautambua siku ya kweli.
7. Zima swichi kuu. King'ora kilie papo hapo. Washa tena: kila kidhibiti kikumbuke namba zake. Kinachosahau kisitumike.
8. Kata umeme wa C peke yake. Kontakta iachie.

Balbu hubaki na moto kidogo baada ya kuzimwa, hivyo usishangae C kikikata kwenye 38.5 na joto likafika 38.7. Likipita 39, shusha C hadi 38.2 na urudie jaribio la 2 na la 3.

Majaribio namba 2, 5 na 7 yarudie kabla ya kila awamu mpya ya mayai. B na C hulala kwa miezi. Rilei iliyolala inaweza kuwa imekufa muda mrefu, na hakuna kitu kwenye kioo kitakachokuonyesha.

## King'ora kikilia saa nane usiku

Usianze kubonyeza vitufe. Soma kwanza namba tatu, A, B na C, uziandike. Kisha:

- Vioo vyote vimezima: umeme hakuna. Nenda hatua ya 8.
- Zote tatu ziko juu ya 38: A hakiachii, au kidhibiti chake kimechanganyikiwa. Zima umeme mkuu, fungua balbu kuu zote mbili, washa tena; kuchomoa kidhibiti tu hakutoshi rilei ikiwa imeganda. B kitabeba hadi asubuhi.
- A iko chini sana, B na C ziko juu: sensa ya A imechomoka au waya wake umeharibika. Chomoa A, tafuta waya asubuhi.
- C iko juu peke yake, A na B zinasoma 37.5: sensa ya C inadanganya. Tumbukiza kipimajoto cha homa karibu na mayai kwa dakika kadhaa. Kikikubaliana na A na B, mayai hayana shida ya kuungua, ila C kitaendelea kukata joto hadi yapoe. Badilisha sensa ya C usiku huohuo. Weka moja ya akiba kwenye droo kwa ajili ya hili. Usimruke C kwa kuunganisha waya pembeni yake.
- C imezima, nyingine zinaonyesha: C kimekufa. Madumu yanakupa karibu saa nzima ya kuweka kidhibiti kingine, au kuhamishia B kwenye nafasi ya C na kuendelea na A pekee hadi mchana.

Baada ya kurekebisha, kaa na saa uhesabu mapigo mara tano kabla ya kurudi kulala, uandike kwenye daftari pembeni ya zile namba tatu za mwanzo.